Mradi Umekwisha Desemba, Kijana Bado Yupo

Kwenye kabati la ofisi yetu hapa Tanga kuna kaunta buku moja lenye jalada jeusi. Ndani yake yameandikwa matembezi ya kila Alhamisi: tarehe, mtaa, nani alikutwa nyumbani, kama amekula, kama amelala, kama amemeza dawa, kama amekubali kutoka nje au amekataa. Anayeandika ni dada mmoja ambaye vijana wetu wamezoea kumwita Dada Alhamisi, kwa sababu siku hiyo hakosi. Kuna kurasa chache ninazozirudia mara kwa mara. Ni za kijana wa miaka 19 wa mtaa wa Makorora, mwenye mtindio wa ubongo, aliyeacha kuzungumza na kuanza kukataa chakula baada ya shangazi aliyemlea kufariki. Alhamisi ya kwanza imeandikwa: "Hakuniangalia." Ya pili: "Hakuniangalia." Ya tano: "Ameuliza pikipiki iliyonileta ni ya nani." Ya tisa: "Tumekaa barazani dakika 40. Amecheka." Ya kumi na nne inaangukia katikati ya Desemba. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe hadi Aprili, kwa kuwa mradi uliolipia matembezi hayo ulikuwa umekwisha.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chenye ofisi hiyo, kikundi cha wazazi na walezi wa vijana wenye ulemavu, na ripoti ya mwisho ya mradi ule niliiandika mimi. Kijana wa Makorora aliingia kwenye jedwali kama mmoja wa "waliofikiwa". Mfadhili alituandikia barua ya pongezi: idadi tuliyoahidi tuliivuka, hesabu zilikaa sawa, stakabadhi zote zilikuwepo. Barua ile nimeisoma mara nyingi na haijawahi kunifurahisha, maana hakuna kisanduku hata kimoja katika fomu zile kilichouliza ni nani angekwenda kwake Januari.

Ruzuku nyingi zinazotolewa kwa mashirika yanayohudumia vijana wenye ulemavu na vijana wenye matatizo ya afya ya akili zimeundwa kulipia shughuli, ilhali kinachowainua vijana hawa ni mtu anayerudi. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na sitaki kuifunika kwa maneno ya heshima. Shughuli ina tarehe, ina picha, ina karatasi ya mahudhurio. Mtu anayerudi ana posho ya mwezi, nauli na vocha ya simu, na vitu hivyo vyote kwenye bajeti vinawekwa chini ya kichwa kimoja, gharama za uendeshaji, na hapo ndipo kalamu ya kukata huanzia.

Nieleze ilivyokuwa kwetu. Ruzuku ilikuwa shilingi milioni 18 kwa miezi 12. Semina ya siku mbili kwa watendaji wa kata na viongozi wa dini, pamoja na ukumbi, chai, chakula cha mchana na posho za washiriki, ilipita bila swali hata moja. Fulana zilipita. Vipeperushi vilipita, ingawa vijana wetu wasioona hawawezi kuvisoma na wenye ulemavu wa akili wengi hawajui kusoma. Posho ya Dada Alhamisi ilirudishwa mara mbili ipunguzwe. Mkalimani wa lugha ya alama alihamishiwa kwenye "mengineyo", kisha mengineyo yakafutwa. Aliyeipitia bajeti yetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mwongozo mezani unaosema gharama za uendeshaji zisizidi asilimia kadhaa, na akaufuata. Ukitazama karatasi ile kwa macho ya mwongozo, fulana ni mradi na Dada Alhamisi ni gharama.

Sasa tutazame ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba karibu theluthi ya matatizo hayo huanza kabla ya miaka 14, nusu kabla ya miaka 18. Kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 duniani. Pamoja na hayo, serikali kwa wastani hutenga kiasi cha asilimia 2 tu ya bajeti za afya kwa afya ya akili, na katika misaada ya kimataifa ya afya, fungu la afya ya akili halijafika hata asilimia 1. Kikapu ni kidogo tangu mwanzo. Ndiyo maana namna kinavyogawanywa inauma zaidi: fedha kidogo ikilipia matukio, kwa huduma haibaki kitu.

Na huduma inayohitajika si ya ajabu. Zimbabwe wameonyesha. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwatumia bibi wa mtaani, wahudumu wa afya wa kujitolea, waliofundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati za Harare na kumsikiliza kwa utaratibu maalumu: taja matatizo yako, chagua moja, tafuta hatua moja, rudi wiki ijayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha watu 573, ulikuta kwamba baada ya miezi sita, katika waliokaa na wale bibi, wenye dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, walikuwa kiasi cha asilimia 14. Katika waliopewa huduma ya kawaida walikuwa kiasi cha asilimia 50. Mfano huo baadaye ulifika hadi Zanzibar. Wengi wanaousifu husifu benchi, kwa sababu benchi linapendeza kwenye picha. Mimi naona siri yake katika maneno "rudi wiki ijayo". Bibi yule anaishi mtaa uleule, na wiki ijayo atakuwepo. Mng'oe bibi baada ya miezi 12, benchi litabaki mbao tu.

Hata hapa mkoani kwetu tuna ushahidi wa zamani zaidi. Juu milimani Korogwe ipo Lutindi, mahali ambapo wamishonari wa Kijerumani walianzisha makazi ya watoto waliookolewa utumwani mwishoni mwa karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakageuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ipo mpaka leo chini ya kanisa. Sitaki mtu aelewe kwamba natamani kijana wa Makorora apelekwe akaishi mlimani. Nataka akae barazani kwao, na atembelewe na mtu anayemjua. Lakini Lutindi imevuka vita viwili vya dunia na tawala tatu kwa sababu walioichangia waliichangia kama nyumba yenye watu ndani yake. Tumejua siku nyingi jinsi ya kufadhili kuta kwa miaka mia. Nyayo za mtu mmoja anayetembea mtaani tunazifadhili kwa miezi 12.

Kuna kipimo kimoja ambacho kwa maoni yangu kimeharibu zaidi ya vingine vyote, nacho ni gharama kwa kila mnufaika. Fomu nyingi zinakutaka ugawe bajeti kwa idadi ya watu utakaowafikia. Jibu likiwa dogo, andiko lako la kuomba fedha linapanda. Likiwa kubwa, unaulizwa kama unatumia fedha kwa ufanisi. Kwa mradi wa kugawa vyandarua kipimo hicho kina maana, kwa kuwa chandarua ni chandarua. Kwa vijana wetu kinafanya jambo ambalo hakuna aliyelikusudia: kinatufundisha kuwachagua wale ambao ulemavu wao ni mwepesi.

Nimeliona likitokea, na nimeshiriki. Unaambiwa ulete vijana 60 kwenye mafunzo ya ujasiriamali. Kijana anayetembea kwa gongo anakuja mwenyewe na daladala, akilipa nauli ya kawaida. Kijana anayetumia kiti mwendo anahitaji bajaji ya kukodi kwenda na kurudi. Mwenye ulemavu wa akili anahitaji kuja na mama yake, na mama akija mgahawa wake wa chapati haufunguliwi siku hiyo. Binti mwenye ugonjwa wa akili wa skizofrenia anaweza kukubali Jumatatu na kukataa Jumanne asubuhi wakati gari limeshafika mlangoni. Kiziwi anahitaji mkalimani, na kwa siku nzima wanahitajika wawili wanaopokezana, kwa sababu mikono na akili ya mtu mmoja huchoka. Hesabu zinakusukuma upande mmoja tu. Unajaza ukumbi kwa wale wanaoweza kuja wenyewe, unapata 60 zako, unapiga picha. Waliobaki vyumbani wanabaki vyumbani. Ripoti inasema watu wenye ulemavu wamefikiwa, na haidanganyi.

Kuhusu mkalimani, niseme jambo moja zaidi. Tuna binti kiziwi wa miaka 22 ambaye kwa muda alikuwa halali usiku. Tulimpeleka kliniki, na kwa kuwa hatukuwa na fedha ya mkalimani, mama yake ndiye aliyetafsiri. Mhudumu akauliza, mama akajibu, binti akatazama sakafu. Walitoka na dawa za usingizi. Miezi mitatu baadaye, tulipompata kijana mmoja anayejua lugha ya alama akubali kuja bila malipo, ndipo ilipojulikana kwamba kilichomkosesha usingizi binti yule kilikuwa kinatokea humo humo nyumbani, na mbele ya mama asingeweza kukisema. Sasa niambie, mkalimani yule ni gharama ya uendeshaji au ndiye huduma yenyewe?

Halafu kuna suala la madirisha mawili. Wafadhili wengi wana dirisha la ulemavu na dirisha la afya ya akili, kila moja na ofisa wake, fomu yake na msamiati wake. Kwenye la ulemavu unatakiwa kuonyesha vyeti, vifaa saidizi, miundombinu, ajira. Kwenye la afya ya akili unatakiwa kuonyesha ushauri nasaha, uelimishaji shuleni, kupunguza unyanyapaa. Kijana wa Makorora anastahili madirisha yote mawili, na kwa hiyo huishia kutopokelewa kwa lolote: huku anaambiwa sonona si ulemavu, kule anaambiwa mradi wao ni wa wanafunzi wa sekondari, na yeye shule hakuwahi kwenda kwa sababu darasa lilikuwa na ngazi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unawataja kwenye ibara ya kwanza kabisa watu wenye hitilafu za muda mrefu za mwili, akili na fahamu kwa pamoja. Sheria imewaweka kwenye mkeka mmoja. Fomu zimewatenganisha.

Najua majibu yanayotolewa, na mawili kati yake yana uzito.

La kwanza ni uendelevu. Kila andiko lina ukurasa wa kueleza mradi utajiendesha vipi fedha ikiisha, na vikundi tumejifunza kuandika pale mambo ya mabanda ya kuku, sabuni na kukodisha viti. Nimeandika kuku mara tatu maishani mwangu. Kuku ni kitu kizuri, na wazazi wawili watatu wanafuga kwa faida. Lakini mapato ya kuku hayawezi kulipa muuguzi wa afya ya akili, na hakuna anayeitaka wodi ya wazazi ijiendeshe kwa kuuza mayai. Kuna huduma ambazo mwisho wake halali ni kuchukuliwa na serikali, na hadi siku hiyo mtu fulani lazima azilipie. Uendelevu wa kweli kwa kikundi kama chetu ni Dada Alhamisi kuajiriwa na halmashauri kama mhudumu wa jamii. Mfadhili angetuuliza hivyo, "mmefika wapi na mkurugenzi kuhusu ajira yake," tungekuwa na kazi ya maana ya kufanya badala ya kuandika kuku.

La pili ni wizi. Fedha isiyo na masharti italiwa, wanasema, na siwezi kusema haijawahi kuliwa. Wapo walioanzisha asasi kwa ajili ya Land Cruiser. Lakini tusijifanye hakuna ulinzi mwingine zaidi ya kumbana mtu na fulana. Tanzania, kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zilitaka fedha inayozidi shilingi milioni 20 iwekwe wazi na mkataba wake ufike kwa Msajili wa mashirika hayo. Tunakaguliwa, tunapeleka taarifa za mwaka, tunajibu barua. Na kuna mfano mkubwa wa kutolea macho. Tajiri MacKenzie Scott wa Marekani hadi mwisho wa 2024 alikuwa amegawa zaidi ya dola bilioni 19 kwa zaidi ya mashirika 2,000, kwa sehemu kubwa bila kuwapangia cha kufanyia, na watafiti waliofuatilia mashirika hayo kwa miaka mitatu walikuta mengi yamejiimarisha, wakati woga ulikuwa kwamba yangepanda ghafla kisha yaporomoke. Hata serikali ya Marekani, kabla ya mambo kubadilika, ilikuwa imekubali kwamba kiwango chake cha kawaida cha gharama za uendeshaji kilikuwa kidogo mno, ikakipandisha kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Wizi unazuiwa na ukaguzi na watu wa mtaa wanaojua hesabu za kikundi. Kukata posho ya anayetembelea wagonjwa hakuzuii wizi wowote.

Nimesema kabla ya mambo kubadilika. Januari 20, 2025 amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani ilisainiwa, ndani ya siku chache barua za kusitisha kazi zikaanza kufika, na Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi na shughuli zilizobaki zikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Februari, Uingereza nayo ikatangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Kisha Aprili, mkutano wa dunia wa watu wenye ulemavu ukafanyika Berlin na kutoa ahadi iliyopendeza masikioni: angalau asilimia 15 ya programu za maendeleo katika kila nchi zilenge ujumuishwaji wa watu wenye ulemavu, kwa kuwa watu wenye ulemavu ni takribani asilimia 15 ya binadamu. Naipenda ahadi hiyo na nitaitumia kwenye kila andiko. Lakini asilimia 15 ya kikapu kinachopungua inaweza kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa jana, na ahadi yenyewe inazungumzia programu kuwa na lengo hilo. Haisemi fedha ifike kwenye kikundi cha mtaani, wala imkute nani.

Kwa hiyo macho yangu yanarudi nyumbani, na hapa nina hamaki zaidi kuliko niliyo nayo kwa mfadhili yeyote wa ng'ambo.

Tanzania tuna kitu ambacho nchi nyingi jirani zingekitamani. Tangu 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa inazitaka halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo ni yetu, imetoka sokoni na stendi, haiwezi kufutwa na amri ya rais wa nchi nyingine. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na mikopo isiyorejeshwa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Shida yangu ni kwamba asilimia zote hizo ni mkopo. Hauna riba, ni kweli, na kwa fundi cherehani mwenye ulemavu wa miguu ni mlango mkubwa. Lakini mkopo unadai biashara, na biashara inadai mtu ambaye wiki hii ana nguvu na wiki ijayo atakuwa nazo pia. Kijana anayepambana na sonona kali hana uhakika huo. Mama anayemlea kijana asiyeweza kuoga mwenyewe hana saa za kusimama gengeni. Na kikundi kinachotoa huduma hakiuzi kitu cha kurejeshea. Nimekaa na ofisa maendeleo ya jamii mmoja, mtu muungwana, akijaribu kwa nia njema kabisa kunisaidia niandike matembezi ya Alhamisi kama mradi wa biashara. Tulishindwa wote wawili.

Sioni sababu ya asilimia 2 hiyo kutokuwa na sehemu ya ruzuku, hata robo yake, kwa ajili ya vikundi vya huduma kwa wale ambao mkopo hauwafai. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo iliweka mfuko wa taifa kwa ajili yao. Hapo pia dirisha la ruzuku ya miaka mitatu lingetosha kubadili maisha ya vikundi vya wazazi kuanzia Tanga hadi Kigoma. Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mfuko unaotoa ruzuku kwa vikundi, karo na vifaa saidizi, na mwaka 2025 nchi hiyo ilipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Malalamiko wanayo; kupanga foleni kwa ajili ya kadi ya usajili ni hadithi ndefu. Ila kanuni imekubalika pale kwamba kuna mahitaji yanayostahili kulipiwa bila kudai marejesho. Sisi tunakwama kwenye neno kukopesha kana kwamba ndilo pekee lenye heshima.

Na wanaoamua wawe nani? Harakati za watu wenye ulemavu zina kauli ya siku nyingi kwamba lisiamuliwe lolote juu yetu bila sisi. Upo mfuko wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ulioanzishwa Marekani mwaka 2008, ambao tangu mwanzo umewaweka watu wenye ulemavu wenyewe kwenye kamati inayogawa ruzuku. Ninatamani kuona hilo kwenye ngazi ya halmashauri. Kamati yenye kijana kiziwi na mkalimani wake, mama wa kijana mwenye usonji, na mtu aliyewahi kulazwa hospitali ya akili ya Mirembe na kurudi mtaani, haitapitisha vipeperushi na kumkata mkalimani. Itajua kwa nini bajaji imeandikwa mara nne. Na itajua pia kikundi gani ni cha kweli na kipi kinafufuka msimu wa maombi, jambo ambalo msomaji wa maandiko aliye Dar es Salaam au Brussels hawezi kulijua hata akiwa na fomu ya kurasa 40.

Kurasa nyeupe za lile kaunta buku ziliishia Aprili kwa sababu wazazi walichanga. Si nyingi, nauli ya pikipiki Alhamisi moja moja. Dada Alhamisi alipofika Makorora mara ya kwanza baada ya ile miezi minne, aliandika neno lilelile aliloanza nalo: "Hakuniangalia." Ilichukua Alhamisi nyingine saba, si tano, kabla hajauliza kitu. Mwezi uliopita tumepeleka andiko jipya kwa mfadhili mwingine. Mstari wa kwanza wa bajeti ni posho yake kwa miaka mitatu, wa pili ni wakalimani wawili, wa tatu ni bajaji. Kwenye gharama kwa kila mnufaika tumeandika namba halisi, ambayo ni kubwa, na chini yake aya moja kueleza kwa nini. Idadi ya vijana tumeandika 17. Bado tunasubiri jibu.